Kidonda cha Utotoni Ndani ya Ndoa



Waswahili husema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Mke akiguswa begani ghafla, anaruka. Mume akisikia sauti imepanda, ananyamaza siku tatu. Mwenzake hujiuliza, "Nimemkosea nini?" Huenda hajamkosea lolote. Nyoka alimuuma zamani, alipokuwa mtoto: alipigwa kupita kiasi, alinajisiwa, au alitukanwa kila siku na wale waliopaswa kumlinda. Hofu hiyo inayobaki hata hatari ikiisha huitwa kiwewe.

Msidhani ni jambo la wachache. Uchunguzi uliofanywa kote Kenya mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24. Wanawake 32 kwa kila 100, na wanaume 18 kwa kila 100, walisema walidhulumiwa kimapenzi kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi wa vijana hao leo ni akina mama na akina baba.

Kwa nini kikundi?

Mzigo mkubwa wa mtu wa namna hii ni aibu. Mtoto anayeumizwa na mtu anayemtegemea hujilaumu mwenyewe, na lawama hiyo hukua naye. Wewe mwenzi ukimwambia, "Halikuwa kosa lako," atafikiri, "Anasema hivyo kwa kuwa ananipenda." Lakini akiketi na wengine waliopitia yaleyale, akamsikia mmoja akijilaumu, yeye mwenyewe atamwambia, "Ulikuwa na miaka minane tu, ungefanya nini?" Maneno hayo humrudia moyoni. Hapo ndipo aibu huanza kulegea.

Kikundi hufanyaje kazi?

Kwa kawaida huwa na watu sita hadi kumi. Hukutana mara moja kwa juma, kama saa moja na nusu, kwa miezi kadhaa, wakiongozwa na mshauri nasaha. Mara nyingi wanawake hukaa peke yao na wanaume peke yao. Mshauri huonana kwanza na kila mmoja faraghani. Anayefikiria kujiua huhitaji msaada wa haraka, tena wa peke yake, kabla ya kikundi.

Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza hatua tatu za kupona: kwanza usalama, pili kukumbuka na kuomboleza, tatu kurudi katika maisha pamoja na watu. Kwa hiyo kikundi kizuri hakimlazimishi mtu kusimulia yote siku ya kwanza. Huanza kwa kumfundisha kutuliza pumzi na kujua kinachomshtua.

Msichanganye kikundi hiki na jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya ni ya majirani wanaosali pamoja. Siri ikitoka hapo, itafika sokoni kabla ya jioni. Tena, tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria inayotaka washauri nasaha wasajiliwe. Ulizeni cheti bila kuona haya.

Wewe mwenzi ufanye nini?

1. Usimhoji akirudi. Yaliyosemwa kikundini ni ya kikundi. Wala usione wivu kwamba wageni wamesikia lile ambalo wewe hujalisikia. Atakuambia atakapoweza.

2. Siku hiyo pokea kazi. Pika, ogesha watoto, mwache apumzike. Kidonda kikioshwa huuma; huenda majuma ya kwanza akakosa usingizi au akalia. Asipopata nafuu, amwambie mshauri.

3. Katika tendo la ndoa, akisema "leo hapana", pokea kwa upole. Zamani hakuna aliyemsikiliza aliposema hapana. Ukimsikiliza wewe, unamtibu.

4. Usimharakishe kusamehe. Kusamehe si kumkaribisha mkosaji alale nyumbani mwenu penye watoto. Na kama anaona haya hata mbele ya kiti cha maungamo, mkumbushe kwamba aliyetendewa ubaya hana dhambi kwa ubaya huo. Dhambi ni ya aliyeutenda.

Ndugu mwanandoa, kumpeleka mwenzi wako kwa wanaoweza kumsaidia si dalili kwamba upendo wako umeshindwa. Mficha uchi hazai. Mama mjamzito hupelekwa kwa mkunga, na mume hungoja nje akiwa tayari kumpokea. Kungoja huko nako ni kazi ya upendo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni jambo gani hunishtua, nami sijawahi kukueleza?

2. Nikihitaji msaada wa watu wengine, utajisikiaje?

3. Tunawalindaje watoto wetu, ili wasibebe mzigo kama huu?