Leseni ya Udereva Ukiwa Muyeye: Soma Nadharia, Lipa kwa Hatua, Usitapeliwe

Kama unaishi Muyeye ama popote pale Malindi, unajua vile kazi nyingi za vijana zinategemea usukani: tuktuk za kwenda mjini, boda za kupeleka mizigo, gari za kubeba wageni kwenda Watamu na Gede. Mwenye tuktuk akitafuta dereva, swali la kwanza siku hizi si "unajua kuendesha?" Swali ni "uko na leseni?"

Hapo ndipo wengi wanakwama. Kuendesha wanajua, wamefundishwa na kaka ama rafiki. Kinachowashinda ni mambo mawili: mtihani wa maswali, na pesa za kulipia hatua moja hadi nyingine. Na katikati ya hayo mawili, kuna watu wamekaa wakingoja kukuonyesha "njia ya mkato" ambayo itakula akiba yako yote.

Somo la leo linapitia yote matatu: njia halali ya kupata leseni, vile unaweza kujiandaa kwa maswali, na jinsi ya kulipa kwa simu bila kuibiwa. Chukua kalamu.

Kwanza: jua leseni unayotaka

Leseni za Kenya zinatolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Leseni haikuruhusu kuendesha kila kitu. Inaonyesha daraja, na daraja ndilo linalosema uendeshe nini.

- A ni ya pikipiki. Ndani yake kuna A3, ambayo ni ya boda boda, pikipiki za kupeleka vifurushi, na tuktuk.
- B ni ya magari madogo. B1 ni gari la otomatiki, B2 ni la gia za mkono, na B3 ni ya dereva wa kazi.
- C ni ya malori.
- D ni ya magari ya abiria kama matatu na mabasi.

Kwa hivyo kabla hujalipa hata shilingi moja, jiulize: kazi ninayoitaka inahitaji daraja gani? Kijana anayetaka kuendesha tuktuk halafu asomee B1 kwa sababu kozi hiyo ndiyo rafiki yake alifanya, atamaliza masomo, atafaulu, na bado hataruhusiwa kubeba abiria kwa tuktuk. Ajali ikitokea dereva akiwa hana daraja linalofaa, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Hapo mzigo unabaki kwa dereva na mwenye chombo.

Pili: hatua kwa hatua hadi kadi

1. Fungua akaunti ya eCitizen kwa kitambulisho chako na nambari ya simu yako mwenyewe. Usitumie nambari ya shemeji wala ya cyber. Ujumbe wote wa serikali utaingia kwa nambari hiyo.
2. Jiandikishe kwa shule ya udereva iliyosajiliwa na NTSA. Omba kuona cheti. Shule halali haikasiriki ukiuliza.
3. Omba leseni ya muda ya mwanafunzi, ile watu wanaita PDL. Hiyo inakuruhusu kujifunza ukiwa na mwalimu kando yako na alama ya L mbele na nyuma ya gari. Si ruhusa ya kwenda peke yako dukani.
4. Soma, darasani na barabarani.
5. Shule ikiona uko tayari, unalipia mtihani na kupangiwa siku. Mtahini wa NTSA ndiye anayekupima, si mwalimu wako.
6. Ukifaulu, unaomba leseni yenyewe, unalipa, unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha unangoja kadi.

Malipo ya serikali yamezoeleka kuwa hivi: PDL shilingi 600, mtihani shilingi 1,000, na kadi ya kisasa ya miaka mitatu shilingi 3,000. Kila moja ya bili hizi huongezwa ada ya eCitizen ya shilingi 50. Jumla ni 4,750. Viwango hubadilika, kwa hivyo amini kile kilichoandikwa kwenye bili yako siku ya kulipa. Karo ya shule ni kando, na inatofautiana kulingana na daraja na idadi ya masomo. Uliza shule mbili ama tatu kabla ya kuamua.

Tatu: mtihani wa maswali unapima nini

Watu wengi hudhani nadharia, ama "thiori" vile tunaita, ni kukariri kitabu. Mtahini hataki kasuku. Anataka kujua kama ukikuta jambo barabarani utafanya uamuzi sahihi. Kwa kawaida atakuonyesha alama akuulize maana yake, na atakuweka mbele ya ubao wa mji mdogo, ule wenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea, akuambie: "Toka hapa, nipeleke pale." Lazima usogeze kigari huku ukieleza unachofanya.

*Alama: soma umbo kabla ya picha*

Huu ndio ufunguo. Ukijua maumbo, hata alama ambayo hujawahi kuiona utaikisia vizuri.

- Pembetatu yenye mpaka mwekundu inaonya: mbele kuna kona, watoto, matuta, ama wanyama.
- Duara lenye mpaka mwekundu linakataza: usipite hapa, usizidi kasi hii, usipiku gari.
- Duara la buluu linaamuru: fanya hivi, fuata upande huu.
- Pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikiangalia chini, inasema mpishe mwenzako.
- Umbo la pembe nane ni moja tu: simama. Simama kabisa, magurudumu yatulie, hata kama barabara ni nyeupe.

*Mistari ya barabarani*

Mstari wa katikati unaokatika-katika unaruhusu kupiku kama mbele kuko salama. Usiokatika haukuruhusu kuuvuka. Ikiwa kuna miwili sambamba, angalia ule ulio upande wako. Ukiwa wako ndio umekatika, unaweza kuuvuka kukiwa salama; ukiwa wako haukatiki, tulia hata kama wa mwenzako umekatika.

*Raundabauti*

Hapa ndipo kigari cha ubaoni huwatoa watu jasho. Kumbuka Kenya tunaendesha kushoto, na ndani ya raundabauti tunazunguka kama mishale ya saa. Unampisha anayetoka kulia kwako.

- Unatoka barabara ya kwanza kushoto: kaa leni ya kushoto, washa indiketa ya kushoto tangu mwanzo.
- Unaenda moja kwa moja: ingia bila indiketa. Ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto, utoke.
- Unaenda kulia ama unarudi ulikotoka: kaa leni ya kulia, indiketa ya kulia. Ukipita njia iliyo kabla ya yako, badilisha uweke ya kushoto, utoke.

Unaposogeza kigari, sema kila kitu kwa sauti: "Naangalia kioo, natoa indiketa, napunguza mwendo, naangalia kulia kwangu, hakuna gari, naingia." Ukinyamaza, mtahini hawezi kujua kama umeangalia kioo ama umebahatisha.

*Kasi na adabu*

Ndani ya mji na vituo vya biashara mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na ya mizigo hayapaswi kupita 80 hata kwenye barabara kuu. Ukiwa kwenye barabara ya Mombasa hadi Malindi na mbele kuna soko, alama ya mji inakurudisha kwenye 50, hata kama dereva wa nyuma anakupigia honi.

Simu mkononi gari likitembea ni kosa, na faini yake kwenye orodha ya makosa madogo ya mwaka 2016 ni shilingi 2,000. Sisi ni watu wa pesa za simu, na tunakuambia wenyewe: malipo ya abiria yanangoja tuktuk isimame.

*Ajali*

Swali hili hupenda kuulizwa. Jibu fupi: simama, saidia waliojeruhiwa, weka pembetatu za kuonya, toa majina na nambari zako kwa wanaohusika, na upige ripoti polisi mapema iwezekanavyo, isipite saa 24. Kukimbia ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Nne: jinsi ya kusoma bila kuacha kazi

Huna haja ya kufunga kazi mwezi mzima. Jaribu hivi:

- Asubuhi ukienda mjini, chagua alama tano njiani. Sema moyoni: umbo gani, inaonya, inakataza ama inaamuru?
- Mkiwa maskani jioni, chora raundabauti mchangani. Tumia vifuniko vya soda kama magari. Mmoja awe mtahini, wengine wajibu. Anayekosea anaeleza tena, hakuna kucheka.
- Ukiwa abiria, mtazame dereva. Ameangalia kioo kabla ya kutoka? Ametoa indiketa? Angefaulu leo?
- Kwa kila kanuni, uliza "kwa nini". Kwa nini tunapishana na anayetoka kulia? Kwa sababu yeye tayari yuko ndani ya mzunguko, na ukimziba, wote mnakwama. Kanuni yenye sababu haisahauliki.

Tano: akiba na malipo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shilingi 4,750 zinaogopesha ukiziangalia kwa pamoja. Ukiweka 50 kila siku, utazifikisha kwa siku 95. Ukiweka 100, ni siku 48. Weka kwenye akaunti ya akiba ya simu, si kwenye salio la matumizi ambalo linaisha kwa chai na mahamri.

Zuri ni kwamba hulipi zote siku moja. PDL kwanza, mtihani baadaye, kadi mwisho. Panga akiba ifuate hatua hizo.

Siku ya kulipa:

1. Ingia eCitizen mwenyewe, omba huduma, ungoje bili. Bili ina kiasi na nambari ya akaunti.
2. Lipa kwa Paybill 222222, ndiyo ya serikali. Andika nambari ya akaunti kama ilivyo kwenye bili, herufi kwa herufi.
3. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama ni jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo. Piga skrinishoti na uandike ile kodi kwenye daftari.
5. Kama mfumo bado unasema hujalipa, usilipe mara ya pili. Ngoja, kisha uliza ukiwa na kodi mkononi.

Karo ya shule nayo lipa kwa Till ama Paybill ya shule, si kwa nambari ya mwalimu. Mwalimu akihama kesho, risiti yako itakuwa na jina lake peke yake.

Sita: ujumbe wa kuogopa

Huenda ukapokea kitu kama hiki:

*"Kaka salama? Mimi niko na mtu ndani. Leseni wiki moja, mtihani hakuna. Tuma 8,000 kwa hii namba, nusu sasa nusu ukipata."*

Hesabu mwenyewe. Anataka 8,000 kwa kitu ambacho malipo yake ya serikali hayafiki 5,000. Hakuna bili, hakuna akaunti, hakuna jina la shule. Ukituma nusu, ndiyo hiyo imeenda. Na hata akikuletea kadi, kama haiko kwenye akaunti yako ya eCitizen, hiyo ni plastiki tu. Siku polisi wakiikagua, utakayesimama mahakamani ni wewe, yeye atakuwa amezima simu.

Ukiwa umeshatuma, usione haya. Piga simu huduma kwa wateja mara moja, uombe muamala urudishwe kabla pesa hazijatolewa, kisha upige ripoti polisi. Na kamwe usimpe mtu PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi.

Jipime

1. Duara la buluu linakuambia nini?
2. Kwenye raundabauti, unampisha nani?
3. Daraja gani ni la tuktuk?
4. Mstari ulio upande wako haukatiki. Mbele kuna lori la polepole. Utafanya nini?
5. Umelipa, mfumo unasema bado. Utafanya nini?
6. Mtu anataka ulipie mtihani kwa nambari yake binafsi. Jibu lako?

Majibu: (1) Linaamuru. (2) Anayetoka kulia. (3) A3. (4) Nabaki nyuma, naacha nafasi, hadi mstari uniruhusu. (5) Silipi tena. Naulizia kwa kodi ya muamala. (6) Hapana. Nalipa bili yangu ya eCitizen tu.

Ukipata sita kwa sita, mtumie rafiki anayeendesha bila leseni maswali haya. Ukikosa mawili, rudi juu usome tena, mtihani bado haujafika. Na ukishindwa siku yenyewe, si mwisho: utalipia mtihani tena na kupangiwa siku nyingine. Weka akiba ya 1,050 kando kwa ajili ya hiyo, ili kushindwa mara moja kusikurudishe kwa broka.