Kibali cha Kazi cha Mgeni: Nani Hukitoa, na Sisi Kinatuhusu Nini?

Leo tusome juu ya sheria ya ajira za wageni. Katika madarasa yetu swali hili huja mara nyingi, hasa kwa ndugu wanaokaa karibu na machimbo, kama Maganzo, Kakola na Nyarugusu. Huuliza: "Mwalimu, yule bwana katoka nchi za mbali, kafika hapa, kapata kazi. Nani kamruhusu? Mbona kijana wangu mwenye cheti yuko nyumbani?" Swali ni zuri. Tulijibu kwa sheria, siyo kwa hasira.

Kwanza tuelewane mgeni ni nani. Katika sheria hii mgeni ni mtu yeyote asiye raia wa Tanzania. Rangi haihesabiwi. Mwenye duka mjini Shinyanga ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, kama ni raia, ni mwenzetu. Mtu mweusi kama sisi aliyevuka mpaka juzi kutoka nchi jirani ni mgeni, hata kama anasema Kiswahili safi kutuzidi.

Wageni kufanya kazi kwetu si jambo jipya. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtu wa Kanada. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Migodi hiyo ilikuja na mashine kubwa, na mafundi wa kuziendesha wengine walitoka nje. Nchi haikukataa ujuzi wao. Inachotaka ni ujuzi huo ubaki hapa wenyewe wakiondoka.

Basi mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni. Mgeni anayetaka kuajiriwa lazima awe na karatasi mbili. Moja ni kibali cha kazi, nacho hutolewa na Kamishna wa Kazi. Ya pili ni kibali cha ukaazi, nacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Akiwa na moja tu, haitoshi. Mtu aliyekuja kutembea tu haruhusiwi kushika kazi, hata kama pasipoti yake ina mihuri mingi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye faida yetu. Kibali cha kazi cha mwajiriwa huombwa na mwajiri. Mwajiri huyo hapewi hivi hivi. Anatakiwa aonyeshe kwamba alimtafuta raia mwenye ujuzi ule na hakumpata. Tena aweke mpango wa kurithisha kazi, yaani aeleze jinsi raia atakavyofundishwa mpaka aishike kazi ile mwenyewe. Kwa mfano, fundi wa mitambo kaletwa kutoka ng'ambo. Pembeni yake awepo Mtanzania anayejifunza kwa vitendo, siyo wa kumbebea mkoba wa vyuma tu. Kibali kile huwa cha miezi 24. Huweza kuongezwa, lakini sheria imeweka ukomo. Kama miaka inapita, mgeni yuko palepale, na hakuna kijana aliyefundishwa, hilo ni jambo la kumpelekea Afisa Kazi wa mkoa. Yeye anayo madaraka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Sisi wanakijiji hatuna ruhusa ya kumsimamisha mtu njiani na kumdai pasipoti.

Wakili anaingia wapi? Wakili hatoi kibali, wala hauzi kibali. Kazi yake ni kusoma sheria, kupanga maombi ya mwajiri pamoja na vyeti na mkataba, na kumwandikia rufaa kwa Waziri kama maombi yamekataliwa. Anayesema, "Nipe fedha nikupatie kibali kesho," huyo ni kishoka, hata akivaa tai.

Nasi pia tunahitaji mtu anayejua sheria. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo ni ya raia peke yao. Mwezi Julai 2025 Serikali ikatoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara 15. Baadhi ni uchimbaji mdogo wa madini, kununua mazao shambani, kutengeneza simu, na kutuma na kupokea fedha kwa simu. Mgeni akivunja amri hiyo, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali chake hufutwa.

Lakini raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Hapo wengi hushtuka darasani. Maana ziko habari za watu kuazima majina. Leseni ina jina la mwenyeji, fedha na karasha ni vya mgeni, na mwenyeji hupewa kidogo kila mwezi anyamaze. Siku ya ukaguzi jina lililoandikwa ni la nani? Tuhesabu wenyewe milioni 5 ni ng'ombe wangapi.

Kabla ya kutia saini au dole gumba, ipeleke karatasi kwa msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao husaidia bure wasio na uwezo. Afisa Mtendaji wa Kata anaweza kukuelekeza walipo.

Mazoezi

1. Kibali cha kazi kilianza tarehe 1 Machi 2024, nacho ni cha miezi 24. Siku yake ya mwisho ni ipi?

2. Bwana mmoja amekuletea mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoijua. Anasema, "Weka saini tu, shamba litabaki lako." Mwandikie barua fupi ya kumjibu, kisha muisome pamoja darasani.