Somo la Udongo: Nyungunyungu Hawaleti Chokaa Isiyokuwamo

Wakulima wengi wanafahamu kwamba nyungunyungu hulegeza udongo na kuacha kinyesi chenye rutuba. Lisilofahamika sana ni kwamba baadhi ya jamii za nyungunyungu hutengeneza madini ndani ya miili yao. Karibu na umio wana tezi zinazotoa chembe za kalsiamu kaboneti, yaani madini yaleyale ya chokaa. Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, alizieleza tezi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1881. Chembe hizo hutoka pamoja na kinyesi, na zilizo kubwa hufikia upana wa milimita 2 hivi.

Hata hivyo, nyungunyungu haumbi kalsiamu. Huipata katika udongo na majani anayokula. Majaribio yaliyofanywa Uingereza kwa aina iitwayo kitaalamu Lumbricus terrestris yalionyesha kuwa udongo ukiwa na tindikali nyingi, chembe huwa chache. Tindikali ikipungua, chembe huongezeka. Kwa hiyo, mkulima anayenunua nyungunyungu na kuwamwaga katika shamba lililochakaa hupoteza fedha zake. Udongo wenye pH chini ya 4.5 huwafaa wachache sana. Wengine hufa au huhama.

Unyevu na chakula navyo ni muhimu. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, nayo sharti iwe na majimaji wakati wote. Shamba lililoachwa wazi wakati wa kiangazi hukauka, na mabaki ya mazao yakichomwa, chakula chao huteketea.

Mkulima anashauriwa kufuata hatua tatu:

1. Apime udongo. Achukue udongo katika sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 20, auchanganye, kisha apeleke nusu kilo kwa Afisa Ugani wa Kata.

2. Vipimo vikionyesha tindikali nyingi, aweke chokaa ya kilimo kwa kiasi atakachoelekezwa. Chokaa ikizidi, nayo hudhuru mazao.

3. Atandaze mabaki ya mazao badala ya kuyachoma, na aongeze samadi iliyooza vizuri.

Udongo ukishatengenezwa hivyo, nyungunyungu waliosalia kandokando ya shamba hurudi na kuongezeka wenyewe. Kuonekana kwao tena ni dalili kwamba ardhi imeanza kupata nafuu.