SAHANI YA KALE: IPINDUE KABLA YA KUINUNUA

Mtu wa Mikinduri akiteremka pwani mpaka Lamu, ataona katika nyumba za kale zidaka ukutani, ambamo wenyeji walipanga vyombo vya thamani kutoka ng'ambo. Pengine atauziwa sahani ya buluu yenye watu watatu darajani na ndege wawili angani, aambiwe ni ya Uchina. Asifanye haraka kutoa fedha. Picha hiyo ilibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga vyombo vya Kichina, na viwanda vya Staffordshire vikaieneza duniani.

Kazi ilikuwa hivi: picha ilichongwa katika bamba la shaba, bamba likapakwa rangi, kisha picha ikachapwa juu ya karatasi nyembamba. Karatasi ilibandikwa juu ya chombo, ikaoshwa, rangi ikabaki.

Basi mnunuzi atazame kwanza ukingo: nakshi zisipokutana sawasawa, hapo ndipo karatasi zilipoungana. Pili, aipindue sahani: neno "England" kwa kawaida huonyesha kuwa ilitengenezwa tangu 1891, sheria ya Marekani ilipodai bidhaa ziandikwe nchi zitokako.

Sahani ya Uingereza si kitu duni; lakini anayeinunua ailipie kwa jina lake la kweli.