Zilzala ya Aceh na Mazingatio Yake

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa Banda Aceh ni mji wa Waislamu katika ncha ya kaskazini ya Sumatra. Tarehe 26 Disemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari, kisha maji yakaupanda mji. Leo umekwisha jengwa upya. Na mwenye kuuzuru huuona Msikiti wa Baiturrahman, uliosalimika, na huko Ulee Lheue kaburi moja la maelfu ya watu.

Basi mzuru asiseme kuwa waliookoka walikuwa wema, na waliokufa waovu. Mtume (s.a.w.) amemhesabu mwenye kufa maji katika mashahidi.

Ama mazingatio ni haya. Kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu zaidi na chimbuko la zilzala, na wazee wake walikuwa wakiwahadithia watoto gharika ya mwaka 1907: ardhi ikitetemeka, bahari ikapwa kwa ghafula, kimbilieni mlimani. Siku ile watu wakakimbia, wakafa wachache mno.

Wimbi lile lilifika hata Somalia. Basi mzee wa pwani asiwafiche wanawe alijualo, kwani elimu ni amana.