Mstari wa Jumla katika Taarifa za Kompyuta

Mtu aliyezoea daftari la mahesabu hutarajia kwamba tarakimu iliyo chini kabisa ni jumla ya zile zilizo juu yake. Katika programu za kuandaa taarifa za biashara, kama vile Power BI iliyotolewa rasmi na kampuni ya Microsoft mwaka 2015, matarajio hayo huvunjika mara kwa mara. Aghalabu mhasibu hudhani kompyuta imekosea. Haikukosea, imejibu swali jingine.

Kila kisanduku cha jedwali la namna hiyo hukokotolewa peke yake. Programu huchuja kumbukumbu za mauzo, ikabakiza zile zinazohusu mstari wake, kisha hutumia kanuni iliyopewa. Mstari wa jumla nao huenda vivyo hivyo, ila kichujio cha duka huondolewa. Tarakimu zilizo juu yake hazitazamwi kabisa.

Kwa uwiano, tabia hiyo ni neema. Tuseme duka moja limeuza bidhaa za shilingi 1,000,000 na kupata faida ya 100,000, yaani asilimia 10. La pili limeuza za 200,000 na kupata faida ya 80,000, yaani asilimia 40. Kujumlisha asilimia hizo ni upuuzi, na hata wastani wake, 25, hupotosha. Faida yote ni 180,000 katika mauzo ya 1,200,000, nayo ni asilimia 15. Ndivyo ilivyo pia kwa idadi ya wateja: wakiwa 300 Januari na 280 Februari, na 180 kati yao wamenunua miezi yote miwili, wateja ni 400, si 580.

Matata huanzia kwenye kanuni yenye sharti. Kampuni hulipa bonasi kwa kila duka lililovuka lengo lake. Duka moja limevuka kwa shilingi 50,000, jingine limepungukiwa 30,000. Kanuni yasema: iandikwe ziada, na isipokuwapo, sifuri. Mistari itasomeka 50,000 na 0, lakini jumla itasomeka 20,000, kwa kuwa hapo maduka mawili yamekuwa kama moja, na upungufu wa jingine umeila ziada ya mwenzake. Atakayetenga fedha kwa kutazama tarakimu hiyo atawapunja wauzaji.

Dawa yake ni amri ya SUMX. Hiyo hupita duka moja moja katika orodha itolewayo na VALUES, hukokotoa ziada ya kila moja, kisha hujumlisha matokeo. Mstari wenye duka moja haubadiliki. Jumla huwa 50,000. Penye haja ya hesabu tofauti kabisa, ISINSCOPE hupima kama kisanduku kimo katika ngazi ya duka au la, na jumla yaweza hata kuachwa tupu.

Lakini orodha ipi ipitiwe? Ziada ikipimwa kwa kila mwezi, duka lililovuka lengo Januari na kupungukiwa Februari litalipwa kwa Januari. Ikipimwa kwa miezi miwili pamoja, huenda lisipate kitu. Programu haiwezi kuamua jambo hilo. Huamuliwa na mkataba wa bonasi, nao yafaa usomwe kabla kanuni haijaandikwa.