Sola Topi: Neno Lililofika Kericho Lisibaki

Makala haya yanachunguza neno la Kihindi ambalo halikuota mizizi katika Kiswahili. Wanafunzi wa isimu hukariri mikopo iliyofaulu, kama vile gari, cheti, gunia na laki. Ni nadra kuulizwa kwa nini neno jirani halikukopwa, ilhali swali hilo hufichua mengi kuhusu lugha kopaji.

Sola topi ni kofia ngumu ya kukinga jua. Topi ni kofia kwa Kihindi. Sola ni mmea wa vinamasi vya Bengal, Aeschynomene aspera, ambao kiini chake cheupe na chepesi ndicho kilichotengenezewa kofia hiyo. Waingereza walidhani sola ni neno lao lihusulo jua, nao wakaliendeleza hivyo. Kosa hilo lilibainishwa na kamusi ya Hobson-Jobson mwaka 1886.

Kofia yenyewe ilifika nyanda za juu za Kericho vichwani mwa maafisa na walowezi, kabla na baada ya mashamba makubwa ya chai kuanzishwa katika miaka ya 1920. Mbona basi mchuma chai wa Litein hasemi topi? Baadhi watadai kuwa neno hilo lingegongana na topi, yule mnyama wa mbuga za Mara. Hoja hii ni dhaifu: paa ni mnyama, tena ni sehemu ya nyumba, na hakuna anayetatizika. Sababu yenye uzito ni kwamba pengo la kileksika halikuwapo. Kiswahili kilikuwa tayari na kofia kutoka Kiarabu na chepeo kutoka Kireno.

Kilichobadilika ni maana. Machifu walioimarishwa na sheria ya 1912 walikuja kutambulika kwa kaki na kofia ngumu, na vazi hilo lilidumu katika utawala wa mikoa baada ya uhuru wa 1963. Kofia ikabeba pia dhana ya mamlaka, bila kuhitaji jina jipya.

Hata hivyo, mwendeshaji bodaboda wa Litein leo huvaa helmeti, ingawa kofia ingali ipo. Nadharia ya pengo pekee haitoshi. Helmeti imeletwa na Kiingereza cha shule, cha sheria na cha polisi wa trafiki; topi ilikuwa neno la mwajiri akizungumza na mwajiri mwenzake.